Chakula cha Mtu Asiye na Kwao

Disemba iliyopita nilimpeleka mama hotelini, akakataa kula.

Tulikuwa watu sita: mimi, mama, kaka yangu na mkewe, binamu yetu anayefanya kazi bandarini, na rafiki yangu tuliyeketi naye dawati moja tangu darasa la kwanza. Hoteli yenyewe ni ya kawaida tu, upande wa Makadara, Mombasa. Meza za plastiki, feni inayolalamika, sinki ya kunawa mikono ukutani, na weita asiyeandika chochote: anasikiliza, anageuka, anapaza sauti kuelekea jikoni, na chakula kinakuja kama kilivyotajwa. Tuliagiza kama watu waliotoka kufunga. Viazi karai na ukwaju, mishkaki, mbaazi za nazi, mahamri, chapati, na sahani mbili za biriani ya kuku tugawane.

"Mtu wa Nairobi analipa, kwa hivyo msione haya," rafiki yangu akasema.

Mama aliagiza maji.

"Hata chai, mama?" kaka akamuuliza.

"Nimekula nyumbani."

Hakuwa amekula. Sote tulijua, ju tulikuwa tumemtoa nyumbani saa saba mchana na sufuria zote zilikuwa zimeinamishwa, kavu. Tulipozidi kumsihi akasema, bila kuinua sauti, "Chakula cha kununua ni cha mtu asiye na kwao."

Wengine walicheka. Mimi sikucheka. Usiku huo nilikuwa naenda kulala kwenye chumba cha kukodi kule Tudor. Baba alipofariki miaka minne iliyopita, chumba changu cha zamani kilipangishwa, na anayelala humo sasa ni kijana wa chuo kutoka Kitui. Kodi yake ndiyo inayolipa maji, stima na dawa za presha za mama. Mpango huo niliuunga mkono mimi mwenyewe, kwa simu, nikiwa Nairobi, tena nikasema ni wa busara. Ni wa busara kweli. Lakini ukija kwenu na begi mkononi, ukashinda na mama siku nzima, kisha saa nne usiku ukaita tuktuk ikupeleke unakolala, neno kama lile linakuchoma.

Na mimi nikichomwa na neno huwa naenda kutafuta lilikotoka.

*

Pwani hii, kwa karne nyingi, mgeni hakuwa mtu wa kununua chakula. Majahazi yalikuja na upepo wa kaskazi, kuanzia mwisho wa mwaka, na hayangeweza kurudi Uarabuni wala Bara Hindi mpaka kusi ianze kuvuma miezi kadhaa baadaye. Mfanyabiashara akishuka hapa alikuwa na muda mrefu wa kukaa. Alihitaji nyumba, na alihitaji mtu wa kumwambia nani anauza nini na nani si wa kuaminika.

Ibn Battuta, yule msafiri wa Tangier, Moroko, alipita pwani hii mwaka wa 1331. Anaeleza kwamba jahazi lilipofika Mogadishu, vijana waliliendea kwa mashua ndogo, kila mmoja amebeba sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana alimkabidhi sahani mmoja wa wafanyabiashara na kutangaza kwamba huyo ni mgeni wake. Basi yamekwisha: mgeni angeshukia kwa mwenyeji huyo, na biashara yake yote ingepitia mikononi mwake. Kutoka huko Ibn Battuta alishuka hadi Mombasa, akalala usiku mmoja kabla ya kuendelea Kilwa. Anasema watu wa hapa chakula chao kikubwa kilikuwa ndizi na samaki, na nafaka waliletewa kutoka kwingine.

Tusidanganyane, ule haukuwa ukarimu mtupu. Mwenyeji alipata faida yake. Lakini kanuni ilikuwa wazi: mtu akifika mji, kuna nyumba inayomlisha. Kama hakuna, basi yeye ni mtu wa shaka, au mji wenyewe ndio wa shaka.

Kilichonyweka nje bila aibu ni kahawa. Neno mkahawa limetoka hapo, mahali pa kahawa. Mpaka leo, jioni, Mji wa Kale, utamkuta muuza kahawa na dele lake la shaba juu ya makaa na vikombe vidogo vinavyogonganishwa vilie, na wazee barazani wanashindana siasa na mpira. Kahawa chungu na kipande cha kashata unaweza kuvipata barabarani na heshima yako ikabaki. Wali je? Wali unakungoja nyumbani.

Hoteli ni neno la juzi. Tumelitoa kwa Waingereza kisha tukalibadilisha kazi. Kenya hii kibanda cha mabati chenye meza mbili na birika kubwa kitaandikwa "hoteli", wala hakuna kitanda hata kimoja. Mgeni kutoka Ulaya akiambiwa twende hoteli anaanza kutafuta funguo za chumba. Sisi tunatafuta maji ya kunawa.

*

Jinsi neno hilo lilivyofika kwa kibanda ndiyo sehemu iliyonishughulisha zaidi, na inaanza na reli.

Ujenzi wa reli ulianza Mombasa mwaka wa 1896. Ulifika mahali palipokuja kuwa Nairobi mwaka wa 1899, na Kisumu mwaka wa 1901. Waingereza walileta wafanyakazi wapatao 32,000 kutoka Bara Hindi. Karibu 2,500 walikufa kazini, wengi wakarudi kwao, na kama 6,700 wakabaki. Pwani ilikuwa imejuana na India muda mrefu kabla ya hapo, na sambusa na pilau hazikungoja treni. Lakini ni reli, na maduka yaliyofunguliwa kila ilipopita, ndiyo yaliyosaidia kuipandisha chapati hadi bara, mpaka leo mtoto wa Nyeri au wa Kakamega anaamini kwamba Krismasi bila chapo si Krismasi.

Hebu tazama meza yoyote ya hoteli. Neno meza lenyewe ni la Wareno, waliofika Mombasa mwaka wa 1498 na kuanza kujenga Fort Jesus mwaka wa 1593. Sahani ni ya Waarabu. Chapati, kachumbari na achari zimetoka India. Pilipili na mahindi yalivuka bahari kutoka Amerika. Bili ni ya Mwingereza, naye hakuisahau.

Baada ya reli kukaa sawa, serikali ya kikoloni ilikuwa na shida moja kubwa: ilitaka mikono ya Waafrika mjini na mashambani, lakini haikutaka Waafrika wenyewe wakae mjini. Kwanza ikaweka kodi ya nyumba, na kodi ikadaiwa kwa pesa. Pesa zilipatikana wapi? Kwa kazi ya mzungu. Kisha ikaja sheria ya kipande, iliyopitishwa mwaka wa 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Mwanamume Mwafrika alibeba karatasi ya alama za vidole na rekodi ya kazi zake, mara nyingi ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inia shingoni. Ukikutwa bila kipande, unaenda ndani.

Lakini kilichonishangaza zaidi ni hesabu ya mshahara. Mshahara wa Mwafrika ulipimwa kama wa mtu mmoja, kapera, hata kama ana mke na watoto watano. Hoja ilikuwa kwamba mke yuko reserve, analima, atajilisha na kulisha watoto. Na nyumba za mjini zikafuata hesabu hiyo hiyo. Zilijengwa kuwa mahali pa kulala wanaume. Familia haikuwa kwenye mchoro, na jiko la kupikia familia halikuwepo pia.

Mombasa hali ilikuwa ngumu kwa namna yake. Bandarini Kilindini watu wengi waliajiriwa kwa siku. Neno kibarua ni barua ndogo, kile kikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya siku. Asubuhi unaenda, ukichukuliwa umepata, usipochukuliwa unarudi. Maisha yanahesabiwa kwa siku na chakula pia kinanunuliwa kwa siku.

Sasa huyu mtu ale wapi?

Mwanahistoria Luise White aliwatafuta wanawake wazee wa Nairobi, akawasikiliza, na mwaka wa 1990 akachapisha kitabu kinachoitwa The Comforts of Home. Wengi wakikitaja husema ni kitabu kuhusu umalaya, na ni kweli. Lakini ukikisoma unakuta wanawake wa Pumwani na Pangani ya zamani waliuza zaidi ya hilo. Waliuza chai. Waliuza chakula kilichopikwa, maji ya kuoga, mahali pa kuketi na kuongea na mtu anayekuuliza habari za kwenu. Mwanamume aliyeambiwa na sheria kwamba mjini hana nyumba alizinunua saa chache za nyumba kwa senti zake. Na baadhi ya wanawake hao, kwa senti hizo, wakajijengea nyumba zao wenyewe, katika mji ambao haukutaka hata wanaume wao wakae.

Upande wa pili wa mji kulikuwa na hoteli zenye vitanda. Norfolk ilifunguliwa Disemba mwaka wa 1904. Mwafrika aliingia kule kama mpishi au mhudumu. Tarehe 16 Machi 1922 umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi, si mbali na hapo, ukidai Harry Thuku aachiliwe. Mary Muthoni Nyanjiru akawasimanga wanaume kwa kusitasita, umati ukasonga mbele, polisi wakapiga risasi. Simulizi nyingi zinasema wazungu waliokuwa wameketi kwenye veranda ya Norfolk nao walifyatua zao. Serikali ilitaja maiti 21; wengine walihesabu zaidi. Muthoni alikuwa mmoja wao. Siku hizi hoteli hiyo iko kwenye barabara inayoitwa Harry Thuku Road, na nikipita hapo na kuona watu wanakunywa chai verandani, miguu yangu huongeza mwendo yenyewe.

Ilichukua mpaka mwaka wa 1954, nchi ikiwa katikati ya Hali ya Hatari, ndipo kamati ya serikali iliyoongozwa na Carpenter ilipendekeza kwamba mshahara wa Mwafrika uondolewe kwenye kipimo cha kapera na uhesabiwe kwa kumfikiria mtu mwenye familia. Kutoka reli ianze kujengwa, ilikuwa imepita miaka 58.

Kwa hivyo hoteli zetu hizi, za chai na mandazi, zilistawi kwa watu ambao kwao kulikuwepo. Kulikuwa mbali tu, na umbali huo haukuwa bahati mbaya. Ulipangwa ofisini, kwa kalamu.

Nilipofika hapo nilihisi nimemshinda mama. Si nilikuwa na jibu? Tena jibu lenye miaka na majina. Na wewe unayesoma hii kwa simu, pengine umeketi kwenye kibanda ukingoja chapo mbili na madondo, utakubaliana nami. Bedsitter yangu Nairobi ina jiko la gesi la kichwa kimoja, na kwa wiki nakula nje mara nyingi kuliko ninavyopika. Wanaokula nami ni walinzi, makanga, wauguzi waliotoka zamu ya usiku. Mwenye hoteli anajua nani hali pilipili. Ukikosa siku mbili anauliza, "Ulikuwa mgonjwa?" Mtu akiniambia hapo si kwetu, nitambishia.

*

Nikampigia mama simu Jumapili, nikamweleza yote. Ibn Battuta, kipande, Pumwani. Nilimwambia habari za wale wanawake kwa fahari, kana kwamba nimewavumbua mimi.

Alinyamaza mpaka nikadhani laini imekatika.

"Kwani nyanya yako alikuwa akifanya nini?" akaniuliza.

Nyanya mimi nilimjua akiwa mzee wa mkeka na leso mbili, anayetugawia mabuyu. Mama akanieleza. Nyanya aliuza mbaazi na mahamri mlangoni pake, Majengo. Aliamka saa tisa usiku kukuna nazi. Kufikia adhana ya alfajiri wateja walikuwa wameshaanza kukaa kwenye mkeka: makuli na vibarua wa bandarini, watu wa bara wengi wao, Waluo, Wakamba, Waluhya, wanaokula haraka ili wakawahi Kilindini. Wa kukopa walikuwepo pia. Nyanya hakujua kuandika, kwa hivyo alichora mistari ya mkaa nyuma ya mlango, kila mtu na mahali pake, na hakuna aliyebisha. Pesa alizifunga kwenye pindo la leso.

Mama alikuwa na miaka saba au minane. Kazi yake ilikuwa kuosha sahani ili zirudi kwa mteja mwingine.

"Walikuwa wakimwita mama," akasema. "Watu wazima na ndevu zao. Mama, niongezee mchuzi. Mama, leo ni tamu. Na sisi wanawe wa kuzaa tuko nyuma ya pazia, tunangoja wamalize. Wakimaliza chote, Alhamdulillahi, biashara imekuwa nzuri. Sisi tutakunywa chai ya rangi."

Sikuwa na la kusema.

"Mimi sikukataa kula kwa ajili yako," akaendelea. "Wewe una kwenu. Kitanda ndicho hakipo, na hicho tulikubaliana. Lakini nikikaa pale, sahani zikipita, mimi bado naangalia jikoni. Naangalia kama kuna mtoto."

Nilikuwa nimesoma kurasa nyingi kuhusu waliokula na waliopika, na sikuwa nimejiuliza hata mara moja nani aliosha sahani. Ile kanuni kwamba chakula cha kununua ni cha mtu asiye na kwao, mama hakuirithi kwa majahazi pekee. Aliisikia kwa nyanya, ambaye aliwaambia wanawe hivyo kila asubuhi ili wasitamani kilichokuwa kinauzwa. Muuzaji ndiye aliyekuwa na sababu kubwa zaidi ya kusema chakula cha kununua si kitu.

*

Aprili nilirudi Mombasa kwa treni ya asubuhi. Sikumwambia mama twende popote. Yeye ndiye aliyesema, siku ya pili, "Na ile hoteli yenu ya Makadara, bado iko?"

Tulienda watu wanne. Mama hakuketi. Alipitiliza moja kwa moja hadi jikoni, weita akibaki na maneno mdomoni, na tukamsikia akisalimiana na mtu ndani. Alikaa huko muda. Aliporudi alisema mpishi ni mwanamke wa Kilifi, na anayeosha vyombo ni mwanamume mzima, na amemuuliza kama amekula, naye amesema amekula. Kisha akavuta kiti.

Aliagiza mbaazi na mahamri mawili. Akalipasua hamri la kwanza, akalinusa.

"Iliki wameibania," akasema, na akala yote mawili.

Siku hiyo ndipo alipotusimulia habari za Majengo kwa urefu, na kaka yangu, ambaye amekaa Mombasa maisha yake yote, alikuwa hazijui pia. Alitutajia majina ya wateja. Kulikuwa na mmoja aliyepotea bila kulipa, mistari yake ikabaki mlangoni miezi. Halafu siku moja akarudi kutoka kwao na kuku mzima mkononi. Nyanya akafuta mistari kwa kitambaa kibichi. Yule kuku waliliwa naye, mama akasema, watoto kwanza.

Bili ilipokuja akafungua pindo la leso. Nilikuwa nimeshalipa kwa simu, chini ya meza, kimyakimya, ile tabia yetu ya watu wa Nairobi. Aligombana na mimi kweli kweli. Nikamwacha agombe, manake alikuwa na haki.

Tulipokuwa tunainuka akamwita weita tena. "Yule kijana wetu hajala," akasema. Alikuwa na maana ya mpangaji, yule wa Kitui. "Leo ana mtihani, atarudi usiku. Nipe biriani moja."

Weita akaileta kwenye kontena ya karatasi. Mama akairudisha. Alitaka sahani, na sahani nyingine ya kuifunikia.

"Sahani hazitoki, mama," weita akasema.

"Zitarudi kesho asubuhi. Nakaa hapo nyuma tu."

Hakai hapo nyuma. Weita akamtazama kashia, kashia akamtazama mama, mama hakumtazama mtu. Sahani zikaletwa.

Kwenye tuktuk aliipakata, mikono miwili juu ya kifuniko, na kila tulipopita tuta alimwambia dereva aende polepole. Mimi nilishukia Tudor. Yeye akaendelea nyumbani na chakula cha mgeni wake.